Serikali Hairudi Nyuma

Wananchi mnatangaziwa kwa furaha kwamba lile swali la kwa nini watu hupenda kivinjari fulani na kukikimbia kingine sasa limepatiwa jibu la kitaalamu, na kwamba Wizara haihusiki kabisa na mambo yaliyotokea wakati wa kulitafuta. Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati. Nilikuwepo, nilivaa tai, na niliona yote.

Ilikuwa miaka ile mtandao ulipokuwa bado mgeni, unaingia kwa waya wa simu, na modemu ikilia kama paka aliyebanwa na mlango. Wizara yetu haikulala. Ilitengeneza Kivinjari Rasmi, chombo cha heshima cha kufungulia kurasa za mtandao. Ukurasa ukishaanza kufunguka haukufungika mpaka ufike mwisho, kwa sababu taarifa ya Serikali haikatizwi. Ukizima kompyuta na kuiwasha, ukurasa ulianza upya tangu juu, kwa sababu kazi ya Serikali haiachwi njiani. Mafundi walikuwa wameweka na kitufe cha kurudi nyuma. Mkurugenzi wa Wizara akakiona, akakikata kwa kalamu nyekundu.

“Serikali hairudi nyuma,” alisema. Tulipiga makofi hadi chai ikapoa.

Mkurugenzi alijua anachosema. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka ng’ambo kwenye semina ya vivinjari, na alirudi ngozi imembabuka puani, dalili ya mtu aliyesoma bila kupumzika. Wiki hiyo hiyo Mheshimiwa Waziri naye alikuwa ng’ambo akitibiwa mgongo, na sisi watumishi tulimwombea kwa zamu.

Ajabu ni kwamba wananchi hawakukitaka Kivinjari Rasmi. Walijazana katika duka la kompyuta la mama mmoja mjane, waliyemwita Mama Mtandao, wakitumia kivinjari cha vivi hivi kilichokuja ndani ya mashine. Mkurugenzi aliumia sana moyoni. Ndipo ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Kuchunguza Kupendwa Bila Kibali.

Nilikwenda kuwahoji watumiaji. Fundi cherehani alisema, “Hiki kinanionyesha maneno kwanza, picha inakuja baadaye. Chenu kinaninyima vyote mpaka nisinzie.”

Mzee mmoja mstaafu alisema, “Mimi nilikikuta tu humo ndani. Ni kama shemeji. Hukumchagua wewe, lakini mwisho mnazoeana.”

“Na kitufe hiki hapa,” akaongeza muuza viatu. “Nikipotea, nabofya, narudi nilikotoka. Nani asiyekosea, bwana?”

Niliandika kwamba wahojiwa walikosa uzalendo. Mapendekezo yakafuata yenyewe: Kivinjari Rasmi kiwekwe katika kila mashine ya duka lile, kile kingine kifutwe, na mwenye duka akikaidi, duka lifungwe. Waziri alitia saini siku ile ile yalipomfikia. Mimi nilikabidhiwa kufuli.

Mama Mtandao alinivuta pembeni. “Katibu, mwanangu, duka hili ndilo aliloniachia marehemu baba wa wanangu. Wanangu wanasoma kwa mashine hizi. Mkiniwekea hicho chenu, nani atakanyaga hapa?”

“Mama, huu ni wakati wa kuwa mzalendo.”

“Uzalendo naujua, baba. Haupikiki.”

Nilimhurumia, kwa kiwango kinachoruhusiwa.

Uzinduzi ulifanyika dukani kwake, kwa kuwa laini ya simu ya Wizara ilikuwa bado inasubiri kibali cha Wizara. Waziri alikalia kiti chenye mto, kwa ajili ya mgongo. Waandishi wa habari walisimama nyuma yake na kamera. Kompyuta ya kwanza ilikuwa tayari imewekewa Kivinjari Rasmi, na skrini yake imegeuzwa ili wote waone. Mkurugenzi akafungua orodha ya kurasa alizoidhinisha yeye mwenyewe, akachagua ile ya semina yake.

“Mtaona sasa elimu,” alisema, akabofya.

Ukurasa ulikuwa wa hoteli iliyoandaa semina. Hoteli hiyo, kwa ukarimu, ilikuwa imebandika picha ya wageni wake. Ikaanza kushuka polepole, mstari baada ya mstari. Kwanza mbingu, samawati safi. Kisha kofia ya majani. Kisha pua iliyobabuka.

“Huyo si Mkurugenzi?” aliuliza fundi cherehani.

Alikuwa ni yeye, kifua wazi, glasi mkononi, kaptula yenye maua. Mkurugenzi alitafuta kitufe cha kurudi nyuma, akakumbuka. Alichomoa waya ukutani. Nikaurudisha, maana kazi ya Serikali haiachwi njiani. Kompyuta ikawaka, na Kivinjari Rasmi kikaanza upya, tangu mbinguni.

Waziri alikuwa akicheka hadi machozi. “Mwacheni ashuke! Semina gani hii ya kaptula? Na tazameni, kapanda mabegani mwa mtu, ndani ya bwawa! Huyo aliyembeba, maskini ya Mungu, ni nani? Hebu tumwone!”

Tukamwona. Kwanza upara. Kisha nyusi. Kisha lile tabasamu linaloning’inia katika kila ofisi ya Wizara yetu.

Waziri aliacha kucheka. Kamera zikaanza kupiga picha.

“Rudi nyuma!” alipiga kelele.

“Mheshimiwa,” nilisema, “Serikali hairudi nyuma.”

“Kifuteni! Kifuteni hicho kidude!”

Sisi wa Kamati tulitazamana. Tulifundishwa kukiweka, si kukiondoa. Mama Mtandao alisogea, akaweka mkono juu ya kipanya, akautuliza hapo.

“Kukifuta naweza,” alisema. “Ila kuna amri. Atakayekikataa, duka lake linafungwa. Kufuli analo Katibu.”

“Amri ya nani hiyo ya kipumbavu?”

“Yako, Mheshimiwa,” nilimjulisha.

Picha ilikuwa imefika kifuani, na mgongo ulionekana umenyooka kama nguzo ya simu.

“Basi nimeifuta! Mbele ya waandishi, nimeifuta! Duka lako libaki, vivinjari vyako vibaki, mama, fanya haraka!”

“Yaani Serikali inarudi nyuma?”

“Inarudi, mama! Mbio!”

Akabofya mara chache tu, picha ikatoweka. Fundi cherehani akaanza kupiga makofi, na duka zima likamfuata. Niliandika katika taarifa kwamba uzinduzi ulishangiliwa.

Waziri alisimama wima, upesi kuliko nilivyowahi kumwona, akaelekea mlangoni. Mama Mtandao alikuwa amemtangulia, amemshikia mlango kwa adabu zote.

“Asante kwa kutufikiria, baba,” alimwambia. “Na pole na mgongo.”