Mbolea kwa Lugha Mbili

Jumamosi, 8 Juni
Vendla wa nyumba ya jirani ameshinda kutwa kwenye ukoka wa kina Topias, majirani wetu wa upande wa pili. Ukoka kama zulia! Kwetu je? Majani ya magotini, maua ya porini, matete hadi majini. Bibi hataki viguswe. Ila Bibi yuko mjini kwa shangazi hadi wiki ijayo.

Nimenyoa mteremko wote mpaka ukingo wa ziwa. Kisha mbolea. Maelezo ya mfuko ni ya Kifini upande mmoja, Kiswidi upande wa pili. Mimi nimesomeshwa kwa lugha zote mbili, sibagui. Nikamwaga kipimo cha Kifini, halafu cha Kiswidi.

Jumatano, 12 Juni
Mvua ya kutwa. Ukoka umewaka kijani! Topias alipita na mtumbwi wake, akauliza eti nimepaka rangi. Wivu huo. Vendla akija mkesha wa sikukuu ya kiangazi, ataogelea kwetu. Ninachotaka ni hicho tu.

Jumapili, 16 Juni
Bibi karudi. Akasimama barazani, akauliza nani kamnyolea ziwa lake. Akasema yale matete na maua ndiyo yaliyokuwa yakinywa kila kinachoteremka kabla hakijafika majini. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Hakunigombeza. Aliangalia maji tu. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 20 Juni
Joto, hakuna upepo. Maji yamegeuka kijani, mazito, yananuka. Mchana supu ya njegere, kama Alhamisi zote. Bibi akatazama sahani, akatazama ziwa, akasema leo tumepikiwa mara mbili.

Nilicheka. Kisha nikakumbuka: Bibi huogelea kila asubuhi tangu alipoolewa hapa. Leo alikwenda gatini na taulo, akarudi nayo kavu. Sijamwambia habari ya vipimo viwili.

Ijumaa, 21 Juni (mkesha!)
Vendla kaja! Peke yake! Nilikuwa nimeandaa sentensi moja, kwa lugha zote mbili. Hakuja kuogelea. Amekuja kuchuma maua saba ya kuweka chini ya mto wa kulalia, amwote atakayemuoa. Kumbe kila mwaka huyachuma kwetu! Akauliza yako wapi. Nikajibu, "Mmh." Akauliza maji yamekuwaje. "Mmh."

Maua saba kayapata nyuma ya kibanda cha sauna cha kina Topias, ambako babake ni mvivu wa kufyeka. Kikapu kabebewa na Topias.

Jumamosi, 22 Juni
Nimemwambia Bibi yote. Akanishika bega: "Basi, mjukuu wangu. Paache pajiotee. Maua ya porini hupenda udongo wenye njaa."

Njaa! Nimekaa kitandani, machozi yananilenga. Miaka yote hii maskini yameshinda na njaa, na hakuna aliyeyaonea huruma. Mwakani Vendla atakuta maua ya kufika kifuani!

Nusu mfuko umebaki. Nimesoma tena maelezo, pande zote mbili. Kesho Bibi anakwenda kanisani.