Gauni la Mwili Ujao

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeamua. Naandika ili baadaye nisije nikajikana: nitapungua!

Kikao cha harusi ya Evelyne kimefanyika leo sebuleni kwangu, hapa mtaani Hamugembe. Evelyne ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi tangu akiwa na miaka minne, alipoletwa na mfuko wa nguo na kandambili ya mguu mmoja. Sasa anafanya kazi Mwanza, anaolewa tarehe thelathini kule Muleba, kabla Majilio hayajaingia, na aliniambia mwenyewe kwa simu kwamba msimamizi wake ni mimi. Kusimama naye kanisani, kumshikia shela, kuingia naye ukumbini. Nani mwingine?

Basi wifi yangu Hellen, dada wa mume wangu, akanyoosha mkono. Alisema msimamizi anatakiwa awe mwepesi. Akawakumbusha wajumbe kwamba kwenye sherehe ya mwaka juzi niliingia ukumbini nikicheza, nikafika katikati, nikavuta kiti cha mchungaji, nikakaa. Uongo! Mchungaji mwenyewe alinipisha. Hellen amekonda tangu Pasaka, na tangu Pasaka hana habari nyingine. Mwenyekiti wetu, mzee Ndyamukama, alikohoa, akasema mimi, Ma Koku, nibaki msimamizi, ila Hellen awe tayari na gauni lake, lolote likitokea. Lolote gani?

Jioni nilikwenda kwa fundi Najibu na kitambaa alichonitumia Evelyne, kijani cha kung'aa, kipande hicho hicho kimoja. Mke wake Hafidha akanipima. Nikawaambia wasishone vipimo hivyo. Washone vya mwili ninaouendea. Najibu akauliza sasa huo mwili akaupimie wapi. Nikamwonyesha Hafidha, ambaye ni mwembamba: pima huyo, ongeza kidogo. Najibu akanionya kwamba kitambaa kikishakatwa hakirudi. Nikamwambia akate mbele ya macho yangu. Akakata.

Jumatatu, 11 Novemba

Mazoezi. Ufukweni, asubuhi na mapema, na raba za mume wangu. Kundi la wanawake linaongozwa na Sada, mtoto wa mjini hapa hapa, ana hijabu, filimbi na pumzi zisizoisha. Alituambia turuke. Nikaruka. Sehemu zangu nyingine zilitua baadaye.

Hellen alikuwa mstari wa mbele akihesabu kwa sauti, watu wajue kwamba pumzi anazo. Nilimwambia Sada nina goti. Akasema kila mtu hapa ana goti, turuke.

Nimerudi nyumbani nikijivuta. Nimejitazama kwenye kioo. Naona tofauti shingoni.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekata wanga. Kwa Mhaya hili si jambo la kusema kwa sauti. Bila ebitoke, ndizi zetu za kupika, mezani, hata ukipewa nyama ya mbuzi mzima, bado hujala. Mwijage, mume wangu, alipoona sahani yangu ya kabichi na tango aliuliza kama nimegombana na mtu.

Nilimpikia yeye ndizi zake kwa maharage, na mpishi lazima aonje chumvi. Nikaonja. Juu ilikuwa sawa, chini sikuwa na uhakika. Nikaonja chini. Kisha nikawa na wasiwasi na katikati. Mwijage aliposogea mezani akaitazama sufuria, akauliza nyingine iko wapi. Kuonja si kula! Na kabichi niliimaliza yote, hilo pia liandikwe.

Jumamosi, 16 Novemba

Aibu! Leo sitaki kuona mtu.

Sada alipanga tutembee hadi Kemondo kwa miguu, turudi na gari. Mbali! Mpango wangu: naanza na wenzangu, nabaki nyuma kufunga kamba za kiatu, bodaboda ananichukua na kuwapita kwa kasi nikiwa nimejifunika kanga, ananishusha karibu na bandari. Nawasubiri pale kama mtu aliyewatangulia kwa njia ya mkato. Mpango haukuwa na kasoro. Tatizo ni kijana wa bodaboda, alikimbia mno. Nilifika mapema kupita kiasi. Na Kemondo ni Kemondo, kuna mama anakaanga sato pale pale barabarani. Nilikaa kidogo kwenye benchi lake ili nisionekane nazurura.

Walipofika nilikuwa nimeshajimwagia maji usoni yawe jasho. Nikahema. Sada alinisifu, akasema hajawahi kuona mwanamke wa umri wangu mwenye kasi hiyo. Nusura nipone. Hellen akanifuta shavu kwa kidole, akakinusa, akauliza tangu lini jasho langu lina pilipili. Wakacheka wote. Na yule mama wa samaki, Mungu amsamehe, akaniuliza kama kile kichwa nilichobakiza anifungie.

Sikati tamaa. Samaki hana wanga.

Jumanne, 19 Novemba

Senene wameshuka! Mji mzima umepagawa. Kila uani watu wamekaa wananyonyoa mabawa na miguu, na harufu ya kukaanga inaingia hadi chumbani. Mimi na senene hatuwezani. Sahani moja inaita nyingine. Nikianza tu, gauni limekwisha.

Nimefikiri mchana kutwa, na nimepata! Zamani Uhayani mwanamke alikuwa hali senene. Anawakamata, anawanyonyoa, anawakaanga, anampa mume, yeye hamtii hata mmoja mdomoni. Bibi yangu aliishi hivyo mpaka alipozikwa. Siku hizi tunakula wote na hakuna anayejali. Lakini mtu akiamua kurudi kwenye mila, nani atamlazimisha? Ukisema unapunguza mwili, watu wanakusukumia sahani. Ukisema ni mila, wanainamisha kichwa.

Nimetangaza mezani. Mwijage hakuuliza sababu. Alivuta sahani yangu upande wake.

Alhamisi, 21 Novemba

Habari imefika Muleba. Mwijage na mdomo wake! Mama mkwe ameshuka leo na mikungu ya ndizi. Alinikumbatia akalia. Alisema amesubiri miaka yote apate mkamwana anayeshika mila, kumbe alikuwa naye na hajui. Nilijisikia vizuri sana. Kisha akaingia jikoni.

Kwake yeye, mwanamke anayejinyima senene ni lazima afidiwe. Ebitoke kwa maharage mchana, ebitoke kwa nyama jioni, na maziwa juu yake. Mama mkwe akikupakulia unakula, hakuna mjadala. Anakaa ubavuni kwangu, anatazama kijiko kinakokwenda. Hellen alipita kumsalimia mama yake, na ile chupa yake ya maji ya limao mkononi. Akapakuliwa naye. Akasema yeye anapunguza mwili. Mama akamuuliza kama ana minyoo. Nilifurahi mpaka nikaomba nyongeza bila kukusudia.

Kesho alfajiri tunaingia kwenye nyasi zenye umande, mimi na yeye, kuokota senene kama ujanani kwake. Kuinama, kuinuka, kuinama. Nimepiga hesabu zangu: hayo ni mazoezi mazuri kuliko ya Sada, na hayana filimbi. Ufukweni siendi tena.

Jumapili, 24 Novemba

Nimeteleza. Kidogo.

Senene nakaanga mimi kila siku, na kitunguu kikishaungua ungua pale na mafuta yao wenyewe, mimi ni binadamu. Leo baada ya ibada nilikuwa jikoni peke yangu. Mkono ulikwenda wenyewe. Kiganja kizima. Mdomo umejaa, mashavu yamevimba, mama mkwe huyo mlangoni, na salamu zake za Kihaya! Salamu zake si za mjini. Unapiga magoti, anakuuliza umeshindaje, watoto wameshindaje, shamba limeshindaje, ng'ombe ambao hatuna wameshindaje, na kila moja unaitikia.

Nikapiga magoti. Nikaitikia kwa pua. Mmm. Mmm. Kila akiuliza, nami nasaga kidogo. Alipomaliza alinishika kichwa akasema, "Waitu, mwanangu, wakamwana wa zamani waliitikia hivi hivi, kwa adabu, bila kupaza sauti." Machozi yalinitoka. Alidhani ni ya furaha. Ni bawa, sijui nani alilisahau, lilikuwa limenasa kooni.

Jumatano, 27 Novemba

Gauni halikuingia.

Lilipita kichwani, likapita mikononi, likagoma kifuani. Nikabaki mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Najibu aligeukia ukutani kwa heshima. Hafidha akavuta kwenda chini, mimi nikavuta pumzi kwenda ndani, na mshono wote wa mgongoni ukaachia. Sauti yake ilifika hadi kwa muuza nyanya. Najibu, bado anatazama ukuta, alisema tu kwamba yeye alisema. Kitambaa kingine hakuna. Evelyne alichukua kipande cha mwisho dukani.

Kabla sijafika nyumbani Hellen alikuwa ameshajua. Mwenyekiti Ndyamukama akapiga simu: pole sana Ma Koku, siku zimekwisha, Hellen ana gauni, atasimama yeye, mimi nitawekewa kiti mbele kabisa.

Kiti! Nililia. Nalisema wazi, nililia mpaka kanga ikalowa. Si kwa ajili ya gauni. Mtoto yule nilimbeba mgongoni kupanda Kashozi kwenye matibabu alipougua surua. Alikuwa halali mpaka ashike sikio langu. Leo anatolewa, nikae kwenye kiti nitazame mgongo wa Hellen?

Nimemwambia mama mkwe kwamba gauni limechanika. Sikumwambia limechanikaje.

Alhamisi, 28 Novemba

Mambo yamegeuka!

Asubuhi Mwijage alikuwa mezani anakula senene kwa chai. Mama yake akamuuliza hao senene amekamata nani. Akajibu, mke wangu. Amewaonja? Mwijage akasema hajaonja hata mmoja. Nikatazama dari. Basi vazi lake liko wapi, mama akauliza.

Nilikuwa nimesahau nusu ya pili ya mila, na Mwijage hakuwahi kuijua kabisa: mume akishalishwa senene na mkewe msimu mzima, anamvisha mkewe nguo mpya. Akikwepa, ni aibu ya ukoo. Mwijage alibaki na senene mmoja mkononi, hajui amrudishe sahanini au amalizie. Ushahidi wote ulikuwa tumboni mwake.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa dukani. Zambarau! Kitambaa kizito, kizuri kuliko kile cha kijani. Nafsi ilinisuta kidogo kwa ajili ya kile kiganja. Zambarau inanipendeza sana. Mama mkwe alikwenda nasi kwa Najibu, akamwamuru Hafidha anipime juu ya sweta, halafu aongeze, maana siku ya harusi watu wanakula. Nilifungua mdomo nitoe maoni yangu kuhusu vipimo. Najibu akanitazama. Nikaufunga.

Limebaki moja. Hellen anasema zambarau haimo kwenye rangi za harusi, na kikao kimeshaamua. Simuachii. Nitavaa, nitakwenda, nitasimama mlangoni mwa kanisa, na anayetaka kunitoa alete wanaume wa kunibeba.

Jumapili, 1 Desemba

Nimesimama mimi!

Evelyne alifika Muleba juzi jioni. Hellen alimpokea akiwa ameshalivaa gauni lake, akamweleza habari ya rangi, ya wepesi na ya kikao. Evelyne alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru shangazi yake kwa heshima zote. Kisha akasema kikao kipange magari na chakula. Anayemtoa yeye ni mama yake, hata akija na kanga moja. Mama yake! Mbele ya watu wote. Hajawahi kuniita hivyo. Siku zote alikuwa akiniita mama mdogo. Nilitoka nje nikajifanya natafuta simu yangu kwenye migomba.

Kanisani jana, wakati wa viapo, Evelyne alianza kuyumba. Hakuna aliyeona. Aliniegemea kwa uzito wake wote, akaniambia polepole nisisogee. Sikusogea. Hata kidogo.

Sasa jambo kubwa zaidi. Gauni lilinipwaya! Kiunoni, kifuani, mikononi, kote. Nilikuwa napumua humo ndani kama niko chumbani kwangu. Nilicheza kutoka mlangoni mpaka meza kuu bila kukaa. Mwezi haujaisha! Kabichi, umande, kuruka, vyote vimefanya kazi. Nimepungua, na kupungua kwenyewe si kwa mchezo. Kile kitambaa cha kijani kilikosa subira tu, kingenisubiri mpaka Jumamosi kingeniingia.

Hellen anapita akisema gauni lilishonwa pana. Wivu. Mwijage naye alianza kusema hivyo hivyo, nikamtazama, akaacha.

Wanawake wa Hamugembe waliokuja harusini walinizunguka ukumbini wakitaka kujua siri. Sikuwa mchoyo. Nimeanzisha kundi langu, mwalimu ni mimi, na tayari wako wengi kuliko wa Sada. Tunaanza Jumamosi ijayo uani kwangu, kwa hotuba. Chapati na maziwa nitaandaa mwenyewe, maana mtu hawezi kuanza kazi nzito kama hii na njaa.