Kadi ya Nusu Kilo

Jumatatu, 2 Septemba

Mwongeli amenipa kanda. Huyu ni fundi wa nguo, mlango wa tatu kutoka kwangu hapa Kabiro. Kaseti moja tu, ndani yake marehemu babake anaimba na gita. Nyingine haipo. Mamake anafika Jumamosi kutoka Mwingi, na Jumapili baada ya kanisa ploti nzima, sisi wapangaji wote, itaketi kumkumbuka mzee. Mwongeli anataka hiyo sauti iingie kwenye simu, mamake awe anaisikia akitaka.

Alikuwa ampelekee Khamala, yule wa Kambi Muru anayewawekea watu nyimbo kwenye simu. Nikawahi. Nikamwambia simu ya Khamala itakausha kanda, kwamba kanda ya zamani inataka kompyuta ya zamani. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema Mwongeli, unanijua.

Kompyuta ninayo. Pentium, kutoka ofisi iliyofungwa, nzito mpaka nikiiegemeza mlangoni sihitaji kufuli. Haina sauti, ilikuwa bubu tangu niipate. Inakosa kadi ya sauti tu. Kitu kidogo.

Nampenda Mwongeli. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeenda kwa Adhis, mama wa vyuma vikuukuu kule Kibera. Anauza kila kitu kwa kilo, masufuria mabovu na matumbo ya kompyuta, mizani ni ileile. Nikamwambia nataka kadi yenye sauti. Akasema zote huwa na sauti zikianguka.

Gunia zima la kadi. Nikachagua ndefu kuliko zote, yenye matundu mawili nyuma. Moja la sauti kuingia, moja la kutoka. Mtu mwenye akili anaona mara moja. Adhis hapimi chini ya nusu kilo, kwa hivyo akaniongezea kifuniko cha sufuria ndipo mizani ikakubali.

Nikarudi kwa kupitia Kambi Muru makusudi, kadi ikichungulia mfukoni. Khamala akaniambia niaje Muia, akaitazama kadi, akauliza kama naweka intaneti ya simu ya mezani. Nikaendelea na njia yangu. Wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 4 Septemba

Kadi imeingia. Ilikataa kwa mkono, ikakubali kwa goti.

Nikawasha, nikabonyeza kila kitu kwenye skrini. Kimya. Nikabonyeza tena. Ikalia krrr, ikapiga mluzi, ikakoroma kama mtu mwenye mafua. Sauti ya kwanza ya hii kompyuta tangu niijue. Jirani yangu Beth akagonga ukuta kwa mwiko. Mwongeli akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kadi inasafisha koo. Akacheka. Siku nzuri.

Shida moja. Waya wa redio yangu ya kaseti una ncha ya mviringo, na matundu ya kadi ni ya mraba. Waliotengeneza hawakufikiria. Kesho nakata.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekata waya, nikaunga, nikatia kanda kwenye redio, nikachomeka. Cheche moja, harufu, giza. Ploti nzima stima imeenda.

Sisi wote tuko kwenye mita moja, na landlodi amepiga marufuku koili za kuchemshia maji. Kwa hivyo stima ikienda, keretaka wetu Kagiri, mwangalizi wa ploti, haulizi. Anapita mlango kwa mlango akitafuta koili. Nikafunika kompyuta na leso, nikatoka nje kumsaidia kutafuta. Nikamwambia kwamba kwa Beth nilisikia maji yakichemka. Koili ikapatikana ndani ya ndoo, chini ya nguo. Beth akaapa hakuwa ameiwasha tangu asubuhi. Hakuna aliyemwamini. Nilimhurumia kidogo, lakini kwani ni nani alimwambia anunue koili?

Stima ikarudi. Kompyuta iko hai, kadi imekufa. Halafu redio ikajiwasha na kuimeza kanda. Utepe ulitoka nje urefu wa mkono wangu. Nikaurudisha kwa kalamu, polepole. Kuna mahali umekunjika. Niliogopa sana. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 6 Septemba

Mwongeli aliuliza imefika wapi. Nikasema inaiva.

Kisha nikaenda Kambi Muru. Nikamwambia Khamala kwamba kanda ni ya mjomba wangu. Akaisikiliza, akasema mjomba anaimba vizuri, nimpelekee salamu. Akaunganisha waya mmoja kwenye simu yake. Tulipomaliza chai, kazi ilikuwa imekwisha. Mambo ya kujionyesha. Akasema nimwachie kanda apanyooshe pale palipokunjika, wimbo atanitumia kwa simu. Ukafika jioni. Nikasikiliza mwanzo, uko safi. Nikazima.

Jumapili, 8 Septemba

Niliibeba Pentium mpaka uwanjani, nikaiweka mezani na kitambaa cha kufuma juu yake. Nyuma yake nikaficha simu, na simu nikaiunga kwenye spika. Nikahutubia kidogo kuhusu mashine za zamani na uvumilivu wa fundi. Mwongeli alikuwa ananitazama. Vizuri kabisa.

Mzee akaanza kuimba. Mama Mwongeli akajishika mdomo. Kagiri akavua kofia. Hata watoto waliacha kukimbizana.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Kabla ya wa pili, sauti nene ikasema hii ni kazi ya Khamala, Kambi Muru, mkabala na choo cha kulipia. Wenye maduka ya nyimbo wote hufanya hivyo, wanapachika jina lao ndani ya kazi isiibwe. Nalijua hilo. Kila mtu Nairobi analijua. Khamala akarudi baada ya ubeti wa pili, na wa tatu. Mwishoni akamsalimia mjomba wa Muia, akamtakia afya njema.

Beth akainama chini ya meza, akainua waya wa kompyuta, akawaonyesha watu. Haukuwa umechomekwa popote.

Mama Mwongeli hakujali. Alikuwa analia na kutabasamu, akaomba urudiwe, pamoja na Khamala wake. Ukarudiwa mara nyingi.

Mwongeli alinivuta kando, akauliza kanda iko wapi. Nikasema iko kwa Khamala. Akaniambia ingeharibika, mamake hangemsikia mzee tena maisha yake yote, na kwamba ningesema tu siwezi, hangenicheka. Hakupaza sauti. Iliniuma, na bado inauma.

Jumatatu, 9 Septemba

Mwongeli alimtafuta Khamala kwa simu, naye ameleta kanda mwenyewe, ndani ya bahasha, pamoja na wimbo usio na jina lake, zawadi kwa mama. Mwongeli akampikia chai. Na chapati. Mimi hajawahi kunipikia chapati. Wamecheka mpaka mashine ya kushona ikasahaulika. Nilipita pale mara kadhaa na ndoo, sikuwa nateka maji. Bila mimi hawa wawili hawangejuana, na hakuna aliyekumbuka kunishukuru.

Jioni Kagiri amebisha mlango. Ana kanda ya video ya harusi yake, mkewe anamsumbua miaka yote aione tena. Aliuliza kama Khamala anaziweza. Nikamweleza kwamba Khamala ni mtu wa sauti tu. Picha ni kazi ya kompyuta kubwa, na kubwa hapa Kabiro ni yangu. Inakosa kadi moja tu. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia Kagiri, unanijua.

Kanda iko hapa mezani. Amesema hawana nyingine.