Simu Iliyo Wazi na Posa ya Zaitun

Jumatatu, 4 Agosti

Imefika! Simu yangu mpya, kwa basi la Dar. Si simu, ni kito! Michoro yake yote iko wazi mtandaoni, nyuma inafunguka kwa bisibisi, ubavuni ina swichi ya kuzima maiki na kamera. Fundi Miraji kaichungulia, kasema kujulikana kilichomo si sawa na kuwa salama, na kwamba faili zake hazina kufuli. Wivu tu. Nimejirekodi humo nikifanya mazoezi ya kumposa Zaitun. Bashiru wa bucha naye anamtaka. Akinusa, atanitangulia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemkuta Zaitun anapokea kamba wabichi wa kuuza kutoka kijiji cha Mbuchi. Nikamfungulia simu, matumbo nje. Kauliza mwizi akiipata itakuwaje. Nikamwambia simu ya wazi haina cha kuogopa. Yake imezibwa gundi, kilichomo hakijui, kazi yake kujisasisha kila mara. Maskini, mzuri vile, na anaamini asichokiona!

Ijumaa, 8 Agosti

Maziko ya Mzee Mwinyimvua, kijijini Dimani. Balaa! Dulla, mtani wa ukoo wetu, kapita na kikapu akibeba simu za watu. Ndiyo mila: mtani akikuchukulia kitu msibani hushtaki, unakomboa. Ya Zaitun kaihangaikia, kabahatisha namba weee, simu ikajifunga kabisa. Kairudisha kwa heshima zote. Yangu kaiombea bisibisi. Kachomoa memori kadi, kaichomeka kwenye spika ya mawaidha. Msiba mzima umenisikia nikimwambia Zaitun kuwa bila yeye hata wali haunipiti kooni. Wafiwa wenyewe wamecheka! Bashiru kanyanyuka, kaenda moja kwa moja kwa mjomba wa Zaitun. Nimetamani nizikwe na mimi. Lakini swichi ya maiki ilikuwa imezimwa muda wote. Kazi safi!

Jumapili, 10 Agosti

Mjomba wa Zaitun kaniita. Kumbe Bashiru kaleta posa, Zaitun kaikataa! Kasema anamtaka yule wa kwenye spika, kwa sharti moja: ninunue simu ya kujifunga kama yake. Nimelia mbele ya mjomba, sioni haya. Nimeinunua leo hii. Simu ya ajabu! Bila namba ya siri haimfungukii hata aliyeiunda. Zaitun ana akili, wallahi. Ila nikiisahau namba je? Inataka mtu mwaminifu wa kunitunzia. Nimempa Dulla, nimemwandikia kwenye karatasi. Kaipokea kwa mikono miwili, kasema nisiwe na wasiwasi.