Sampuli ni Bure

Wenceslaus alishuka kwenye lori pale Mikumi kwa nia ya kunywa chai tu, lakini kikombe hakikufika nusu kabla hajaliona jukwaa.

Lilikuwa jukwaa jipya la mbao kwenye bustani ya nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara ya Iringa. Upande mmoja liliegemea ukuta, na viti vilikuwa tayari vimepangwa juu yake. Wazungu huliita deki, jambo lililowatatiza watu wa Mikumi, maana kwao deki ni kusugua sakafu. Lakini ilikuwa miaka ile ya biashara huria, kila mwenye ukuta na geti alijiita mwekezaji, na watalii waliokuja kutazama tembo ilibidi wapate pa kukaa. Juu jukwaa lilipendeza. Pembeni lilikuwa aibu tupu: magogo, vipande vya matofali, na kuku aliyeatamia mayai yake mvunguni.

Wenceslaus alilipia chai, jambo ambalo hakulizoea, akaenda kuteremsha mzigo wake.

Mzigo wenyewe ulikuwa mbao za kompoziti, zile zinazotengenezwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, rangi ya kahawa. Zilitoka kwenye jengo la wawekezaji Dar es Salaam, kwa njia ambayo mlinzi wa jengo hakupenda izungumzwe. Zilikuwa zimemlisha mwaka mzima. Aliwaonyesha watu, akapokea kianzio cha kuagizia nyingine, kisha yeye na mbao zake wakahamia wilaya ya mbali. Alikuwa amekula Morogoro, amekula Ifakara, na katika safari zote hizo hakuwa amefunga ubao hata mmoja.

Mwenye nyumba alikuwa anapeta mchele. Mama Nyanda, mjane mnene, mpole, alikuja kutoka Shinyanga na ng'ombe wa marehemu mumewe, akawauza, akajenga vyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka chumba?"

"Hapana, mama. Nilikuwa napita, nikaona jukwaa lako liko uchi, nikashindwa kuendelea na safari."

Akamweleza habari za fisha bodi, mbao za kuziba ukingo. Hizi zake haziozi, mchwa hawazigusi, rangi hazihitaji. Ujerumani wanazifunga mpaka makanisani.

"Makanisani," alisema Mama Nyanda, akaweka ungo chini.

"Shika mwenyewe, mama. Sampuli ni bure."

Mama Nyanda aliugeuza ubao, akaunusa. "Hata ukishaifunga, sampuli ni bure?"

"Kwako wewe, ndiyo."

"Kisioki, umesikia?" Mlinzi wa Kimaasai aliyesimama getini alisema amesikia.

Hapo ndipo mama akafungua moyo wake. Jukwaa hilo lilikuwa mwanzo tu. Shemeji yake Elineema, mtu mzito wa Kilosa, alikuwa anajenga majukwaa ya namna hiyo kwenye nyumba tatu, na kianzio kingetoka kwake. Ila shemeji haamini kipande cha mkononi. Anataka kuona upande mzima umefungwa. Upande wa kushoto tayari fundi mmoja alishaufunga kwa mbao za kijivu, lakini shemeji hakuvutiwa na rangi.

Wenceslaus alizitazama zile za kijivu kwa dharau. Kisha akapiga hesabu ya nyumba tatu. Kuzifunga mbao kulikuwa sawa na kufunga jiko lake mwenyewe. Lakini kwa nyumba tatu angenunua jiko jingine, na mpishi juu.

Basi akafanya kazi. Skrubu alinunua kwa pesa yake. Ubao wa kwanza aliubana na wa pili bila kuacha nafasi, na jua la mchana lilipozitanua, zote mbili zikabinuka kama tumbo la aliyeshiba. Akazifungua, akaanza upya. Viganja vikatoka malengelenge. Alipomaliza, upande wa mbele ulikuwa umenyooka kabisa, na Wenceslaus akajikuta akirudi nyuma hatua kadhaa kuutazama, kisha akarudi nyuma tena. Aliona haya kidogo kwa furaha aliyoipata.

"Mikono ya baraka," alisema Mama Nyanda. "Sasa nenda Kilosa ukapime kwa shemeji. Kianzio utapewa hukohuko."

Alipanda basi la Kilosa akakaa dirishani kama mkurugenzi. Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli. Mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Perpetua alimkaribisha vizuri.

"Umetumwa na dada yangu wa Mikumi? Mwenzako yuko nyuma."

Nyuma, mwanamume mwenye kalamu sikioni alikuwa anagongelea zizi la mbuzi.

"Ndugu, Elineema yuko wapi?" aliuliza Wenceslaus.

"Namsubiri tangu juzi. Dada wa hapa alisema nikikaa bure nitachoka." Yule bwana, Mathayo wa Iringa, alimwangalia vizuri. "Wewe umefunga upande gani?"

"Wa mbele."

"Mimi wa kushoto. Za kijivu."

Mbuzi akalia.

Walirudi Mikumi kwa basi moja, wakipanga maneno makali. Mama Nyanda aliwapokea kwa tabasamu, akawaketisha jukwaani.

"Mama, umetufanyia nini?" aliuliza Wenceslaus.

"Wewe ulisema sampuli ni bure. Na mwenzako alisema hivyohivyo. Kisioki alikuwepo."

"Basi tunazing'oa."

"Ng'oeni, wanangu. Halafu twende wote polisi tukaeleze ni za nani. Mimi sina risiti. Ninyi mnazo?"

Mathayo alitazama viatu vyake. Wenceslaus alimtazama Mathayo. Hakuna aliyeinuka.

Wakiwa wamekaa hivyo, pikapu ikaingia getini. Akashuka bwana mwenye suti, na nyuma ya gari mbao mpya, rangi ya matofali. Upande wa kulia ulikuwa bado wazi. Bwana alizungumza na Mama Nyanda kwa muda, kisha akapanda jukwaani kwa wale aliodhani ni wageni.

"Samahani, wakubwa. Huyu mama ni mtu wa kuaminika?"

Neno moja lingemwokoa yule bwana. Wenceslaus alilifikiria kwa dhati. Alifikiria pia mwaka mzima ulioishia kwenye ukingo wa bustani ya mtu, na viganja vyake vikawasha.

"Huyu?" alisema. "Sisi tunatoka Kilosa kwa shemeji yake sasa hivi."

"Pakubwa sana," alisema Mathayo. "Hatukumaliza kupima."

Bwana aliwashukuru, akateremka haraka. Mama Nyanda akaja na sahani mbili za wali na nyama, ambazo hakuna aliyeziagiza, akaziweka mezani.

Wakala. Kule chini, yule bwana alikuwa ameshavua koti.