Mtambo Uko Kisiwa cha Pili

Waheshimiwa makadhi na maimamu. Waheshimiwa mafundi wa chuoni, mnaowasomesha watoto wetu Kurani. Wakuu wa mitaa yote ya Moroni, na wale wa Ikoni mliokuja kwa teksi kwa gharama zenu. Wazee mliokamilisha ndoa kuu, mkaulisha mji mzima, mlioketi mbele kivulini kwa haki. Na ninyi msioikamilisha, mliosimama nyuma juani kwa haki hiyo hiyo. Wafanyabiashara wa soko la Volo Volo. Bila kuwasahau ndugu zetu weupe wenye bunduki, mlioegemea ukuta ule, ambao tangu mwaka sabini na nane mnatulinda, ingawa hatujathubutu kuuliza mnatulinda na nani. Mabibi na mabwana, assalamu alaikum! (Wanaitikia. Wazungu wawili wanawasha sigara.)

Mimi Youssoufa, Mkurugenzi Mkuu wa Mpango wa Taifa wa Upuliziaji wa Kisasa, mjumbe wa kamati saba na mwenyekiti wa sita kati ya hizo, kwani ile ya saba haijawahi kukutana, nasimama mbele yenu kuzindua, kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, mtambo wa kupulizia dawa unaovutwa nyuma ya gari, wenye tangi la lita mia nne, magurudumu mawili ya mpira, pampu isiyojua kuchoka, na mkono mrefu wenye pua kumi na mbili zinazotoa dawa kama manyunyu, ambao kwa mujibu wa takwimu nilizozikokotoa mimi mwenyewe utapunguza wadudu wa karafuu na mlangilangi kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. (Makofi. Mtu anauliza: “Hiyo kumi na mbili ni wadudu wa nani?”) Ni wa Madagaska, bwana! Tumewafikiria na majirani.

Sasa nyamazeni, maana sehemu hii ni ya kitaalamu na wengi wenu haitawaingia. Mtambo huandaliwa mahali tambarare. (Sauti: “Kwetu Vouvouni kote mawe!”) Basi Vouvouni isogezwe, mimi sikuiweka pale! Pini inayoushika mtambo nyuma ya gari ifungwe kwa kufuli yake, la sivyo gari litafika shambani peke yake na mtambo utajitafutia njia ya kwenda baharini. Kabla ya dawa, tangi litiwe maji matupu, pampu iwashwe, mpira na viungo vikaguliwe, ili kama kuna panapovuja pavuje maji. Dawa ipimwe kwa kipimo chake, si kwa bakuli la mchele. Mwendeshaji avae glavu, buti, barakoa na miwani ya kinga. Aendeshe polepole, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Asikate kona kwa ghafla mlimani. Na upepo ukimvumia usoni aache kazi, arudi nyumbani akanywe chai. Pua ikiziba, asiipulize kwa mdomo, enyi wana wa Adamu! Kazi ikiisha, tangi lisuuzwe mara tatu, mbali na kisima. Yote haya yamo ndani ya kitabu hiki. (Anainua kitabu chembamba chenye picha za rangi.) Ukurasa wa tisa peke yake tumeukalia vikao vinne, pamoja na chakula.

Na kwa kuwa serikali yenu sikivu haichelewi, dawa yenyewe mnaipata leo, mapipa kumi na mawili haya mnayoyaona mbele yangu. Nawaona mmejiandaa: huyu na ndoo, yule na dumu la mafuta, na wewe mama pale umekuja na sufuria ya pilau. Huo ndio moyo wa maendeleo! (Watu wanasogelea mapipa. Sauti: “Na mtambo uko wapi?”)

Mtambo, ndugu yangu mwenye haraka, uko Mutsamudu! Hivi ninavyozungumza unapanda na kushuka milima ya kisiwa cha Ndzuani, unapulizia mikarafuu, na wananchi wa kule wanashangilia mpaka sauti zinawakauka! (Katika kundi la wanawake anasimama mmoja, chumvi ya bahari bado iko kwenye shiromani aliyojitanda. “Mimi ni Koultoumi, nimefika kutoka Mutsamudu leo asubuhi. Mwezi uliopita wewe ulisimama kwetu, ukatuambia mtambo uko Moroni. Ukatuachia mapipa, ukasema tuanze na dawa, mtambo unafuata. Mume wangu Attoumane akainyunyiza kwa ufagio wa makuti. Upepo ukamrudishia usoni. Haoni, Mkurugenzi! Na majirani zangu wananyunyiza tena Jumamosi, wanasema mtambo ukichelewa si kitu. Sema hapa mbele za watu kwamba haupo, ili waache.”)

Pole, mama. Pole sana, tena pole hiyo itaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Lakini jambo lolote lina adabu zake, na hapa kisiwani Ngazidja uwanja huu una wenyewe: husema mwanamume, tena mwanamume aliyekamilisha ndoa kuu. Wewe ni mwanamke, na ni mgeni, na umesema kwa sauti kubwa. Isitoshe, mumeo angesoma kitabu yasingemkuta hayo, kwani habari za upepo zimo ukurasa wa tano. (“Kitabu si unacho wewe mkononi!” anapaza sauti Koultoumi.) Ninacho, na kiko salama!

(Katika safu ya mbele anainuka Mzee Maoulida, aliyechinja ng'ombe kumi na wanne katika ndoa yake kuu. Anagonga fimbo chini.) Aa, mzee wangu, karibu! Wewe ndiye hasa, wewe hakuna wa kukukalisha. (“Aliyoyasema mama huyu ndiyo niliyoyasema mimi,” anasema mzee. “Sasa nijibu mimi. Huo mtambo umeuona kwa macho yako?”)

Mzee wangu... kuona ni hatua ya mwisho ya mradi. Kwanza kuna mkakati, kisha kamati, kisha uzinduzi. Na tukitazama kwa jicho la kitaalamu, kama kwa watu wa Mutsamudu mtambo uko Moroni, na kwa watu wa Moroni uko Mutsamudu, si tayari tunayo miwili? (Hakuna kofi. “Njia ya mwongo fupi,” anasema Mzee Maoulida, anakwenda kukaa juu ya pipa la kwanza. Wazee wenzake wanamfuata, kila mmoja na pipa lake.) Jamani, wazee wangu, hayo si viti! Ndugu zetu wenye bunduki, hebu... (Wazungu wanatazama saa, wanaingia garini, wanaondoka.)

Basi, nifunge, jua limekuwa kali. Upuliziaji wa kisasa! (Kimya.) Usalama kwanza! (Kimya.) Mtambo! (Uwanja mzima: “Uko kisiwa cha pili!”)

Sina budi kushukuru. Namshukuru mshauri wetu mweupe, ambaye alipokuwa likizo kwao alipita kwenye maonyesho ya kilimo akaletewa kiti, akanyweshwa kahawa, na kuondoka na kitabu hiki kilichokuwa kikigawiwa bure, ambacho ndicho mtambo wetu wote, kuanzia pini hadi pua ya kumi na mbili. Mtambo mwingine hatukupata kuagiza. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Attoumane wa Mutsamudu, mwananchi wa kwanza kuutekeleza Mpango huu. Tumemwandalia cheti chenye muhuri na saini yangu. Mama, njoo ukichukue, na ukifika nyumbani umsomee wewe.

(Koultoumi anapanda jukwaani. Hakigusi cheti. Anakitoa kitabu mkononi mwa Mkurugenzi. “Hiki nakiwahisha Mutsamudu kabla ya Jumamosi,” anasema. “Wakauone mtambo.”)