Gitaa la Pedali kwenye Sikukuu ya Mavuno

Jamani, leo nimeaibika mbele ya usharika mzima. Kibaya zaidi, walinipigia makofi.

Kwa wasiojua: napiga gitaa la pedali. Halishikwi kifuani. Limelala kama meza, lina miguu minne, nyuzi kumi juu na pedali nne chini. Mkono mmoja unadonoa nyuzi, mwingine unatelezesha kipande cha chuma, miguu inakanyaga pedali, na sauti inavutika kama mtu anayelia huku anajizuia. Ni ile sauti ya nyimbo za country za zamani zinazowaliza wazee wetu huku Upareni. (Wanamlilia farasi aliyefia Marekani. Punda anayewabebea maji kila siku hawajawahi kumpa hata pole.) Nimelitengeneza mwenyewe, mwaka mzima, na fundi wa kuchomelea wa Same mjini.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa majaribio. Napiga country kama ilivyo, halafu katikati naburuta kijiko kwenye nyuzi nione kitatokea nini. Kilichotokea ni kwamba baba alinipiga marufuku kupigia nyumbani.

"Baba, muziki lazima ukue."

"Ukakulie kwa watu."

Nikamwendea Mchungaji, nikamwomba chumba cha stoo nyuma ya kanisa kiwe cha mazoezi. Akasema nipige dakika tano Jumapili hii baada ya mahubiri. Wazee wa kanisa wakiridhika, chumba changu.

Sasa, Jumapili hii ni Sikukuu ya Mavuno. Kila familia inaleta ilichovuna, vinapangwa mbele ya madhabahu, vinaombewa, kisha vinanadiwa uwanjani baada ya ibada. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikiupinga mnada huu kwa hoja. (Mungu anahitaji kuku wa nini? Mama alinijibu kwa kuninyima makande siku nzima.)

Nimefika nimechelewa, gitaa na spika yake vimefungwa nyuma ya bodaboda kama mgonjwa. Mlangoni alisimama Mzee Elinami, mzee wa kanisa.

"Shikamoo mzee. Hiki nakiweka wapi?"

"Marahaba, mwanangu! Hata wewe umeleta?" Macho yakamlowa. "Weka mbele. Mbele kabisa!"

Nikaweka, kati ya gunia la tangawizi na jogoo aliyefungwa miguu. Nikafurahi, maana palikuwa karibu na soketi ya umeme ya kuchomeka spika yangu. Mchungaji akanyoosha mikono, akavibariki vyote pamoja na waliovileta. Nikaitikia amina. Kwa sauti.

Ibada ikaisha bila dakika zangu tano. Nikiwa bado nashangaa, wanakwaya wawili wakalibeba gitaa kwenda nje. Nikawashukuru kwa msaada. (Shahada ninayo, tafadhali.)

Uwanjani, Mzee Elinami ndiye mnadi. Akauza ndizi. Akauza jogoo. Akaweka mkono juu ya gitaa langu.

"Wapendwa! Kijana wetu msomi, aliyesema mnada ni biashara, leo ametoa!"

Vigelegele! Makofi! Mama akatoka mbele anacheza, khanga hewani. "Mwanangu amerudi! Amerudi jamani!"

Nikamsogelea mnadi, nikanong'ona: "Mzee, hiki si sadaka. Ni changu."

Akanijibu bila kuacha kutabasamu: "Kilikuwa chako. Kimeshaombewa."

Nikamtazama mama. Alikuwa analia kwa furaha. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Lakini ni nini hiki?" akauliza mama mmoja mwenye kikapu.

"Cherehani," akajibu jirani yake.

"Nguo inapita wapi?"

"Basi ni kichanja cha vyombo. Si unaona nyaya?"

"Ni gitaa," nikasema. Wakacheka. Mnadi akaagiza nilipige, watu wajue wanachonunua.

Spika ikaletwa, waya wa umeme ukavutwa kutoka kanisani. Nikaanza na country ya zamani, taratibu, bila ujanja. Uwanja ukatulia. Wazee wakavua kofia. Bei ikaanza kupanda, kila mzee analitaka. Hapo akili ya chuo ikafanya kazi: nikipiga vibaya hakuna atakayelitaka, nami nitalinunua kwa bei ya mkungu wa ndizi. Hoja safi kabisa!

Nikachomoa kijiko.

Nilijaribu yote. Nikaburuta, nikagonga, nikakanyaga pedali nne kwa pamoja. Mtoto akaangua kilio. Mbuzi aliyekuwa akisubiri zamu yake akakata kamba. Bei ikasimama kwenye elfu nane. Nikanyanyua mkono.

"Elfu kumi!"

"Elfu hamsini, anyamaze!" ikatoka sauti nyuma.

Nilikuwa nimesahau. Kwenye minada yetu unaweza kutoa sadaka ili mtu aimbe. Unaweza pia kutoa ili mtu aache, na anayetoa zaidi ndiye anayeondoka na kitu. Usharika ukachangamka. "Sitini, asirudie!" "Sabini, na kijiko kichukuliwe!" Sijawahi kuona watu wakimtolea Mungu kwa moyo namna ile. Kila nilipoinua mkono wenye kijiko nieleze, walidhani naanza tena, wakaongeza.

Ile sauti ya nyuma ndiyo iliyoshinda. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mnunuzi akaja kuchukua mali yake.

Baba.

Hakunitazama. Akaita bodaboda. Mchungaji akanishika bega: "Kile kipande cha mwanzo kimewagusa wazee. Chumba umepata. Kesho njoo na gitaa."

"Gitaa gani, Mchungaji?"

Akasema atanitaja Jumapili ijayo miongoni mwa waliotoa vizuri.

Sasa ni saa kumi jioni. Nimekaa nje ya jikoni, naandika. Baba yuko sebuleni na gitaa lake. Country hapigi. Anakanyaga pedali moja moja, anasikiliza, anaguna kwa kuridhika, anarudia. Nimemwomba zamu.

"Subiri. Ndiyo kwanza naanza kulielewa."

"Lakini baba, ni langu."

Akageuza kichwa kuelekea jikoni, mama anakopika huku akiimba, kisha akanirudia mimi. "Ulitoa, au hukutoa?"

Nimetoa.

Mnaocheka, chekeni kimya kimya. Mama bado anaamini nimeokoka.